Julai haikuwa sifuri

Wiki iliyopita zilibaki dakika chache nitume ripoti inayosema zahanati moja haikutibu hata mtoto mmoja mwezi mzima wa Julai. Nilikuwa na mafaili 12, moja kwa kila mwezi. Nikayapandanisha kwa bind_rows, amri ya kuunganisha majedwali katika R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, nikajumlisha kwa mwezi. Julai ikatoka 0. Hapakuwa na onyo lolote kwenye skrini.

Aliyeandaa faili la Julai aliandika kichwa cha kolamu "Watoto". Miezi mingine 11 ni "watoto". Kwa R hayo ni majina mawili, basi bind_rows ikaweka kolamu mbili na kujaza NA, alama ya data isiyokuwepo, kila palipokosekana kitu. Nami kwenye sum, amri ya kujumlisha, nilikuwa nimeandika na.rm = TRUE, yaani ondoa NA kwanza, kama tulivyozoea wengi. Ukiondoa NA pasibaki kitu, jumla ni 0.

Kinachoniuma ni kwamba nilikagua. Nilijumlisha mistari ya mafaili yote 12 nikalinganisha na nrow, idadi ya mistari, ya jedwali kubwa, zikawa sawasawa. Lakini kosa hili halionekani kwenye mistari, maana mistari yote ipo. Laiti ningetazama ncol, idadi ya kolamu, ningekuta kolamu 10 badala ya 9.

Sasa fikiria rbind, ile inayokuja na R yenyewe. Ingegoma palepale kwamba majina hayalingani na yaliyotangulia. Wengi wetu tunaiona msumbufu, tunakimbilia bind_rows kwa sababu inapokea chochote, na mafunzo mengi yanaisifia hivyo hivyo. Mimi siisifii tena. Amri inayopokea majedwali yasiyofanana bila kuuliza inanikabidhi uongo uliopangwa vizuri, na uongo huo unaishia mezani kwa mtu anayegawa dawa.

Wanaotumia lugha ya Python nao hawajapona: pd.concat, amri yao ya kuunganisha majedwali, hufanya vivyo hivyo usipoiambia vingine, na ukiweka join="inner" hutupa kimya kolamu isiyokuwemo kwenye majedwali yote. UNION ALL ya SQL, lugha ya hifadhidata, haitazami hata majina, inafuata nafasi ya kolamu tu. Badilishana nafasi za kolamu "wanaume" na "wanawake" kwenye jedwali moja uone.

Haya, bind_rows hugoma ukiipa kolamu ya namba upande mmoja na ya maandishi upande wa pili. Na .id yake, inayoonyesha kila mstari umetoka faili lipi, ndiyo iliyonifikisha kwenye kosa. Hayo naipa.

Siku hizi kila jina la kolamu linapita kwanza kwenye tolower, inayogeuza herufi zote kuwa ndogo, na trimws, inayofuta nafasi za pembeni, kwa sababu nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno inaleta balaa lile lile. Kisha setequal inalinganisha majina ya kila faili na ya faili la kwanza. Moja likikataa, stop() inasimamisha kazi yote.

Zahanati ile nimewahi kufika. Nesi anajaza daftari kwa kalamu, mtoto mmoja mmoja, umri, uzito, homa ya siku ngapi, huku akina mama wamejaa kwenye benchi hadi nje. Mwezi mzima wa kazi yake ulimezwa na herufi W.

Ripoti nimeirekebisha. Ile na.rm = TRUE nimeifuta; NA ikiwepo, nataka jumla nzima itoke NA, nishtuke, nirudi kuitafuta.