Charley Pride na ile picha waliyoificha

Miaka mingi nimemsikiza Charley Pride bila kujua sura yake. Mzee wangu alikuwa na kaseti moja aliyorekodiwa na jamaa wa kazini, nyimbo za kantri zimechanganywa tu, Jim Reeves, Don Williams, Skeeter Davis, halafu huyu, na kwa vile ilikuwa ya kurekodi haikuwa na kava, ni kikaratasi cha daftari tu kimeandikwa majina kwa biro. Ilipigwa kila Jumapili kabla ya kanisa mpaka utepe ukaanza kulegea, sauti zikawa zinavutika kama mtu mwenye usingizi. Kichwani mwangu wote hao ni wazungu wa kofia pana. Siku nilipoona picha yake kwa simu, mtu mweusi, nikadhani mtandao umekosea.

Kumbe wamarekani wenyewe walidanganyika hivyohivyo, tofauti ni kwamba mimi nilidanganywa na kaseti, wao walidanganywa na lebo. Kampuni ya kurekodi ya RCA walimchukua 1965 baada ya wakubwa kuchezewa kanda yake, wakaipenda, ndipo wakaonyeshwa picha. Wakaamua kutoa nyimbo za mwanzo kwa maredio bila picha, jina "Country Charley Pride" kabisa, ili asikuje mtu kuuliza huyu ni wa wapi.

Na alikuwa wa palepale tu. Kazaliwa 1934 Sledge, Mississippi, kwenye familia ya watoto 11, wazazi wakulima wa pamba kwa shamba la mtu mwingine, mavuno mnagawana naye. Jumamosi usiku baba yake anafungulia redio, ni Grand Ole Opry, kile kipindi cha kantri cha kutoka Nashville. Baba mwenyewe alimpa jina Charl, karani akaandika Charley, basi ikabaki hivyo.

Muziki hata haukuwa mpango. Mpango ulikuwa besiboli, kwa sababu Jackie Robinson, mchezaji mweusi, ameshaingia ligi kuu ya wazungu 1947 na kila kijana mweusi shambani ameona mlango. Akacheza ligi za weusi, Memphis Red Sox na kwingine, na kuna wakati timu yake ilimuuza yeye na mwenzake ili wapate pesa ya basi. Basi kuukuu jameni! Mwishowe akajikuta Montana huko baridini, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini, anachezea timu ya kiwanda na kabla ya mechi anawaimbia watu kidogo anaongezewa hela. Akajaribu New York Mets, timu ya ligi kuu, wakamkataa, ndio akapitia Nashville.

Sasa hapa ndipo mimi huachana na watu. Wengi wakimsimulia wanaishia na ile show ya Detroit 1966: watu elfu 10 wanapiga makofi jina likitajwa, anatokea, ukumbi unanyamaza, yeye anatania kwamba najua si kawaida kuona mtu wa kantri mwenye tan (ile rangi ya kuota jua) isiyotoka, wanacheka, mambo safi. Eti muziki umeshinda ubaguzi. Mimi naona ilikuwa kazi ya ziada ambayo hakuna mwingine kwenye ile programu aliyopewa. Wenzake wanapanda wanaimba, yeye lazima kwanza awatulize watu waliolipa kiingilio, awachekeshe kwa ngozi yake mwenyewe, halafu ndio aanze kibarua alichoitiwa. Na asithubutu kukasirika hata siku moja. Watu wanasema alikuwa mpole, sawa, alikuwa mpole, lakini angekuwa mkali tungelijua jina lake?

Enyewe aliimba. 1971 akapewa tuzo ya msanii bora wa mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri, wimbo wake wa kubusu malaika asubuhi ukavuka mpaka kwa wasiosikiza kantri, na nyimbo karibu 30 zikafika namba moja kwenye chati ya kantri. Kule RCA miaka ya 70 wa kumpita kwa mauzo ni Elvis Presley peke yake. Halafu angalia hii: namba moja yake ya mwisho ni 1983, na mweusi mwingine wa kufika hapo akiimba peke yake ni Darius Rucker, 2008. Miaka 25! Kama mlango ulifunguka kweli hao wengine walikuwa wapi? Kwenye Opry alifanywa mwanachama 1993, miaka 52 baada ya kumtimua DeFord Bailey, mweusi mpiga harmonika aliyekuwa nyota wao wa mwanzo kabisa. Na banjo yenyewe ilitoka Afrika, lakini hiyo tuiache leo nitachelewa kulala.

Mara ya mwisho kwenye tuzo za CMA ni Novemba 2020, akapewa heshima ya maisha, akaimba ule wimbo wa malaika na Jimmie Allen, kijana mweusi pia. Mwezi mmoja baadaye korona ikamchukua, Dallas, ana miaka 86.

Nilipomwonyesha mzee picha aliitazama kitambo, akairudisha simu.

"Na hao wengine wa kwa kaseti, umewaangalia?"

Nikamwambia nimeangalia mmoja mmoja. Wote wazungu.