Kama mlinzi yupo, bomu la kukanyagwa ni la nini?

Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland ziliamua kujitoa katika Mkataba wa Ottawa, ule unaopiga marufuku mabomu ya ardhini yanayotegewa watu. Mkataba huo ulianza kutumika Machi 1, 1999. Hoja ya nchi zote tano ni moja: Urusi iko mlangoni. Finland peke yake inapakana nayo kwa zaidi ya kilomita 1,300, na hakuna jeshi linaloweza kujaza askari mpaka wote huo. Hofu yao ni ya kweli, wala siidharau. Ninachokikataa ni dawa waliyoichagua.

Wengi wanaobishana juu ya mkataba huu wanadhani umekataza kila kitu kinachofukiwa ardhini. Sivyo. Kifungu cha 2 kinakataza bomu linalolipuka kwa sababu mtu yupo, amelikaribia au ameligusa. Bomu la kulipua vifaru halimo. TM-62 lililoundwa na Wasovieti, lenye takriban kilo saba na nusu za baruti, huhitaji uzito wa kilo 150 hivi ndipo lilipuke. Halimo pia bomu linalolipuliwa na askari mwenye kibonyezo mkononi. M18 la Marekani, lile lenye golori za chuma 700 zilizopangwa mbele ya gramu 680 za kilipuzi, ni halali askari akilifyatua mwenyewe, na ni haramu likifungwa uzi unaovutwa na mguu wa mpita njia. Bomu ni lile lile. Kilichobadilika ni nani anayeamua lilipuke.

Jambo hilo ndilo kiini cha mjadala wote, kwa sababu jeshi lenyewe linafundisha kwamba kizuizi kisichotazamwa wala kulindwa kwa silaha si kizuizi. Mabomu hayamsimamishi adui, yanamchelewesha. Akifika atarusha kwa roketi kamba iliyojaa baruti, ilipuke na kufungua njia. Au atatanguliza kifaru chenye jembe la kusukuma mabomu pembeni. Au wahandisi wake watatambaa usiku na kuyatoa moja moja kwa mkono. Dakika hizo anazokwama ndizo faida yote ya mabomu, na faida hiyo ipo tu kama kuna mtu wa kumpiga anapokwama. Sasa, kama yupo anayemwona, kwa macho, kwa kamera au kwa droni, basi yupo wa kubonyeza kibonyezo. Na kama hayupo, adui atapita kwa muda wake, na yale aliyoyaacha nyuma yatamsubiri mkulima.

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa pili ni kwamba mabomu ya kutegewa watu huyalinda mabomu ya vifaru yasitolewe kwa mkono. Mashambulizi ya Ukraine ya mwaka 2023 kule Zaporizhzhia yalikwama katika mashamba ya mabomu ya Kirusi yaliyochanganywa namna hiyo. Ni kweli. Ila yalikwama pia kwa sababu mizinga, helikopta na droni zilikuwa zinapiga kila gari lililosimama. Isitoshe, mkataba unaruhusu bomu la kifaru kufungwa kitegesho kinacholipua likichokonolewa. Kazi hiyo ya ulinzi ina njia nyingine iliyo halali. Nakubali kwamba njia halali inataka askari zaidi, betri zaidi na mawasiliano yasiyokatika. Gharama hiyo naona ni haki iwe ya jeshi.

Maana asiyelipa leo humwachia mwingine deni. Bomu la PMN, la Kisovieti la kutegewa watu, lina gramu 240 za kilipuzi cha TNT: huukata mguu, na udongo na vipande vya plastiki husukumwa ndani ya nyama juu ya kidonda, ndiyo maana daktari hulazimika kukata juu zaidi ya pale mlipuko ulipoishia. PFM-1, bomu jingine la aina hiyo, humwagwa kutoka angani, kwa hiyo hakuna ramani ya kila lilipoangukia, na huweza kulipuka kwa uzito wa kilo 5 tu. Mwaka 2023 watu 5,757 waliorodheshwa kuuawa au kujeruhiwa na mabomu ya ardhini na masalia mengine ya vilipuzi. Asilimia 84 ya wale ambao hali yao ilijulikana walikuwa raia.

Kuyatoa kunataka subira ambayo wanasiasa hawaihesabu. Mtegua mabomu hupewa njia yenye upana wa mita moja. Hukata majani kwanza, akihakikisha hakuna uzi, kisha hupitisha kifaa cha kunasa metali. Kikilia, hachimbi kutoka juu, kwa kuwa sehemu inayobonyezwa iko juu. Huingia kwa ubavu, akichokoa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Kila msumari na kila ganda la risasi hupewa heshima ile ile. Bomu kama M14 lina chuma kidogo mno hata kifaa kinaweza kulipita, na ukikiongezea kifaa ukali, kitalilia kila kitu. Mafuriko nayo huyahamisha, na hapo ramani haina tena maana. Yale ya vita vya visiwa vya Falkland vya 1982, kati ya Uingereza na Argentina, yalimalizwa kutolewa mwaka 2020.

Kuna wanaosema suluhisho ni mabomu ya kisasa yanayojilipua baada ya saa au siku kadhaa, au yenye betri inayokufa. Betri ikifa, fyuzi hulala, lakini baruti bado imo. Mtegua mabomu anayelikuta hana njia ya kujua kwamba limelala, hivyo analitendea kama lililo hai, kwa mwendo ule ule wa mita chache kwa saa.

Na nchi hizo tano hazijawa huru kama zinavyodhani. Zote bado zinafungwa na itifaki ya mabomu iliyorekebishwa mwaka 1996, ambayo ni sehemu ya mkataba mwingine wa kimataifa wa silaha. Itifaki hiyo inadai kila bomu la kutegewa watu liwe na angalau gramu 8 za chuma ili ligundulike, mahali lilipo paandikwe, na kama halijiharibu lenyewe, liwe ndani ya eneo lenye alama na uzio, likisimamiwa na askari. Askari hao hao ndio tulioambiwa hawatoshi.