Stika ya chini siyo ushahidi, fungua PS1 usome bodi

Nimekasirika, mnivumilie leo. Juzi napita Mwanjelwa, hapa Mbeya, nakuta fundi mmoja anapakia mabodi ya PS1, ile PlayStation ya kwanza ya Sony, kwenye kiroba, yamechanganywa na ya redio na ya deki, mnunuzi wa vyuma chakavu kasimama pembeni na mzani wake anasubiri kupima kwa kilo. Nikaomba nichungulie. Katikati ya ule mchafuko nikakutana na bodi ya PU-8, moja ya matoleo ya zamani, yenye GPU (chipu inayochora picha) ya mwanzo kabisa, ile ya miguu 160. Nikamwambia kaka hii usiuze kwa kilo, akanijibu, "Mdogo wangu, si PS1 tu hiyo, zote zinafanana."

Hazifanani! Na hii kauli naisikia kila mahali, Mbeya mjini, Uyole, mpaka Tunduma, tena kwa watu wanaoshika bisibisi kila siku.

Tuanzie mbali kidogo. Sony walitoa PS1 Japani tarehe 3 Desemba 1994, hiyo ndo SCPH-1000, halafu Septemba 1995 ikaingia Marekani kama SCPH-1001 na Ulaya kama SCPH-1002. Namba ya mwisho inakwambia ililengwa soko gani, 0 Japani, 1 Marekani, 2 Ulaya. Hiyo namba iko kwenye stika ya chini, na wauzaji wengi wanaishia hapohapo, wanakupindulia mashine, wanakuonyesha stika, wanakuonyesha na matundu matatu ya RCA kwa nyuma, yale ya kuchomeka waya za picha na sauti, basi bei inapanda, "hii ni toleo la kwanza".

Sasa nani asiyejua mashine za kwetu zimepita wapi? PS1 iliyokaa kwenye banda la gemu miaka yote ile imefunguliwa na mafundi wangapi? Bodi ikifa, kava likawa bado zima, linavalishwa bodi ya mashine nyingine. Kava la chini likipasuka linatolewa la mashine nyingine, na stika yake inakuja nayo. Lenzi ndo usiseme, hiyo imebadilishwa karibu kila mashine. Gari ukinunua unakagua namba ya chesisi, huridhiki na rangi ya bodi, sasa kwa nini hapa turidhike na karatasi iliyobandikwa kwenye plastiki?

Na hata mashine ambayo haijawahi kuguswa, stika bado haitoshi. Hapa ndo nataka mnielewe vizuri. Unaweza kuweka mezani SCPH-1001 mbili, stika moja, kava moja, matundu yaleyale, ukifungua unakuta GPU mbili tofauti. Ya mwanzo imeandikwa CXD8514Q, ina miguu 160 na memori yake ya picha ni ya aina ya VRAM. Iliyofuata ni CXD8561Q, miguu 208, na memori yake ni ya aina nyingine, SGRAM. Kiwango cha memori ya picha hakikubadilika, ni MB 1 kote kote, ila chipu siyo ileile na picha siyo ileile. Ile ya mwanzo inapopaka kivuli juu ya tekscha (picha inayovalishwa kwenye maumbo ya gemu) inapunguza rangi mapema, kwa hiyo sehemu ambayo rangi inatakiwa ififie taratibu unaona mistari mistari, kwenye ile ya baadaye inateleza vizuri. Kwenye stika hiyo tofauti haipo popote.

Kuitambua hakuhitaji kifaa cha ajabu. Chomoa waya wa umeme kwanza, uiache itulie, na usiguse upande wa pawa saplai. Toa skrubu za chini kwa bisibisi ya nyota, nyanyua kava la juu, chomoa mkanda wa lenzi polepole, toa na bati zinazofunika bodi. Washa tochi ya simu, iinamishe pembeni badala ya kumulika moja kwa moja, maandishi ya chipu yanajitokeza. Kama yamefutika hesabu miguu ya upande mmoja wa GPU. Ikiwa 40 ni ile ya mwanzo, ikiwa 52 ni ya baadaye. Halafu soma jina la bodi, PU-7 au PU-8 ndo za zamani, PU-18 kuendelea ni kizazi kingine. Karibu na GPU tafuta kristali, kile kidude kinachoipa chipu mapigo, ikiandikwa 53.69 bodi ni ya NTSC, mfumo wa TV wa Japani na Marekani, ikiandikwa 53.20 ni ya PAL, mfumo wa Ulaya. Ile ya kwenye kiroba ilikuwa 53.69, kwa hiyo haikuzaliwa kwenye mashine ya Ulaya hata kama ingekuwa imevalishwa kava la 1002.

Kisha kuna tarakimu nne ndogo za tarehe juu ya chipu. 9523 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 1995. Zisome chipu zote, chukua ile ya karibuni zaidi, bodi haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya hapo. Ukikuta zote ziko 95 halafu moja iko 98, jua kuna mkono wa mtu hapo. Na kile kichipu chenye vijiwaya vyembamba kilichosoldiwa juu juu ni cha kuchezea CD za kopi, kiwanda hakihusiki.

Mambo hayahaya yako kwenye mashine nyingine za gemu pia, Famicom za Nintendo za kwanza za 1983 zina vitufe vya mraba, Mega Drive za Sega za mwanzo ukiziwasha hazionyeshi maandishi ya leseni ya Sega.

Haya, nakubali, kama wewe unataka kucheza gemu la mpira na wadogo zako jioni basi, chukua SCPH-7502 au SCPH-9002, PS1 za baadaye, ulale salama. Zile za mwanzo lenzi yao inatembea kwenye reli ya plastiki, tena imekaa jirani na pawa saplai inayotoa joto, plastiki inalika, lenzi inainama, ndo maana tulikuwa tunazipindua chini juu ili CD isome. Kwa kuchezea, za baadaye ni bora, sibishani. Lakini udhaifu huohuo ndo umefanya zilizobaki nzima ziwe chache, na sisi tunazipeleka kwenye mzani!

Mafundi, kaka zangu, hamkatazwi kubadilisha bodi, mteja anataka mashine iwake. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuchanganya pigeni picha ya stika na ya bodi, halafu andikeni kwenye kikaratasi, bodi imetoka mashine namba fulani, lenzi imebadilishwa mwaka fulani, mkibandike ndani ya kava la chini. Atakayefungua baada yenu atajua anashika nini, na muuzaji hatakuwa na pa kudanganyia.