Nusu Kichwa kwa Ajili ya Misukule wa Marekani

Nilitoka nyumbani Jumamosi saa moja asubuhi nikiwa mshenga wa mpwa wangu, na ilipofika saa tatu nilikuwa kituko.

Mshenga hahitaji mali wala cheo. Anahitaji suti iliyopigwa pasi, ulimi usioteleza na kichwa kilichonyolewa vizuri, kwa sababu wazee wa Tukuyu humsoma mtu kuanzia juu kabla hawajamsikiliza. Suti ninayo tangu kipaimara cha mtoto wangu wa kwanza, na ulimi nilizaliwa nao. Kichwa ndicho kilichobaki, nami nikakipeleka kwa kinyozi wangu wa pale Mwanjelwa, ambaye kwa miaka tisa alikuwa ameninyoa bila kunitoa hata tone la damu, yaani tangu siku zile ambazo kibanda chake kilikuwa na kioo, redio na kalenda tu.

Sasa ana televisheni ukutani. Asubuhi hiyo ilikuwa ikionyesha watu waliochakaa wakikimbizwa na watu waliooza, nami, kwa adabu tu ya mteja anayetaka kuchangamsha mazungumzo, nikauliza kama tamthilia hiyo bado haijaisha. Mashine ilikuwa imekwisha kusafisha upande wangu wote wa kushoto. Ikasimama hapo hapo.

Nilijibiwa na watu wanne kwa mpigo. Nilielezwa kwamba The Walking Dead ilianza kuonyeshwa Oktoba 31, 2010, ikamalizika Novemba 20, 2022, ikiwa na misimu 11 na sehemu 177. Nimefundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka 27 na kuna mambo siwezi kujizuia: ukiipa kila sehemu dakika 45, unapata saa 132 na dakika 45, ambazo ni siku tano na nusu, usiku na mchana, bila kulala, bila kwenda shambani na bila kumjibu mkeo akikuita. Mtu aliyetumia muda huo wote hawezi tena kukuambia kwamba alichokitazama kilikuwa kibovu, sawa na mtu aliyeuziwa ng'ombe kilema mnadani. Atakuambia kwamba huyo ng'ombe hachechemei, anatembea kwa madaha.

Hata hivyo kijana mmoja wa bodaboda, aliyekaa kwenye benchi huku kofia yake ngumu ikiwa magotini, alisema bila kumung'unya maneno kwamba tamthilia ile ilikufa siku alipouawa Glenn. Kwa faida ya wasiojua, Glenn ni kijana aliyekuwa akipeleka piza majumbani kabla dunia haijaharibika, na kila mtu mwenye pikipiki hapa Mbeya humhesabu kuwa mwenzake wa kijiweni. Kijana alieleza kwa uchungu jinsi msimu wa sita ulivyoisha mwezi Aprili 2016, wakati jambazi Negan alipowapigisha magoti mateka wake na kuinua gongo lake la besiboli lililozungushiwa seng'enge, kisha picha ikawa giza bila mtazamaji kuonyeshwa limemwangukia nani. Watu wakasubiri mpaka Oktoba 23. Usiku huo watazamaji wapatao milioni 17 nchini Marekani walikaa kitako kungoja jibu, wakamwona mateka mmoja, Abraham, akipondwa, wakashusha pumzi, kisha wakamwona Glenn naye akipondwa, na wengi wao hawakurudi tena.

"Miezi sita, Mwalimu," aliniambia huku akijipiga kifuani. "Wametuweka roho juu miezi sita kwa ajili ya biashara tu."

Nilimpa pole kabla sijagundua, kutokana na maneno yake mwenyewe, kwamba misimu yote iliyokuwapo alinakiliwa kwenye flashi kwa siku moja mwaka 2019, na kwamba kutoka Aprili kwenda Oktoba kulimgharimu kubonyeza kitufe kimoja.

Kinyozi alikuwa wa kambi nyingine. Kwake yeye tamthilia ilianza kuwa ya kiume alipoingia Negan, na kabla ya hapo ilikuwa mambo ya kutembea porini na kulia. Ili kututhibitishia, alifanya jambo ambalo sitalisahau hadi naingia kaburini. Aliibeba mashine yake begani, ikiwa bado inanguruma na waya ukiburuzika nyuma yake, akaanza kutembea taratibu mbele ya benchi huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akitusogezea ile mashine vichwani mmoja baada ya mwingine na kuhesabu kama watoto wanavyochaguana mchezoni: ana, ana, anado. Ilipita kwa kijana wa bodaboda. Ilipita kwa mwanafunzi aliyekuja kunyolewa upara wa shule, ambaye alifumba macho. Ilipita kwa bwana mmoja aliyeingia kuomba chenji ya elfu kumi tu. Nami nilikuwa kwenye kiti nimefungwa shuka shingoni, nusu mwalimu mstaafu, nusu msitu, nikiomba hesabu isiishie kwangu.

Aliyeisimamisha ni mzee mstaafu wa reli, ambaye huja pale kila siku ingawa hana unywele hata mmoja.

"Hebu niambieni kwanza," alisema, "hao misukule, mwenyewe ni nani?"

Kijana wa bodaboda alimjibu kwa heshima zote kwamba wale si misukule, babu, ni maiti tu wanaotembea. Mzee alicheka. Alisema kwamba yeye amekulia Rungwe na anajua maiti anayetembea anaitwaje, na kwamba tofauti pekee anayoiona ni uzembe wa Wamarekani. Msukule wa kwetu, kwa mujibu wa masimulizi aliyolelewa nayo, anatoka usiku kulima shamba la mtu, anarudi alfajiri, anakula pumba na halalamiki. Hawa wa kwenye televisheni wana nguvu za kubomoa ukuta wa gereza, lakini hawajawahi kushika jembe. Tena hawana bwana. Maiti hawezi kuinuka mwenyewe, alisema. Lazima kuna mtu aliyewainua, na kama tamthilia imekwenda miaka 12 bila kumtaja mchawi, basi aliyeitunga anamfahamu na anamficha.

Kinyozi alijaribu kumweleza habari za msimu wa kwanza, ambapo daktari mmoja kule Atlanta anamnong'oneza Rick, mhusika mkuu, kwamba watu wote wameshaambukizwa na kila atakayekufa atainuka, hata kama hajang'atwa. Mzee aliuliza ni nani aliyewaambukiza. Kinyozi akanyamaza, maana tamthilia haikujibu. "Mmeona?" alisema mzee, akapokea kikombe chake cha chai.

Mama wa chai, ambaye alikuwa bado hajakaa, alisema kwamba yeye anamtazama Michonne peke yake, yule dada mwenye upanga, kwa kuwa mwigizaji wake, Danai Gurira, ingawa amezaliwa Marekani amekulia Harare na anajua shida, na wengine wote wafe tu. Bwana wa chenji alilalamika kwamba majani kwenye nyua za nyumba zile ni mafupi kila mara wakati wenye nyumba wameliwa zamani. Kijana wa bodaboda akadakia kwamba hayo majani ni dogo, yeye kinachomwuma ni petroli, kwa sababu petroli ikikaa miezi mingi inachacha na kuua injini, lakini wale wanaokota gari lililotelekezwa miaka na miaka, wanawasha na kuondoka, wakati yeye akijaza kwenye chupa ya kando ya barabara hafiki hata Uyole.

Mimi nilikuwa nimeamua kunyamaza. Simu ya mpwa wangu ilikuwa imeita mara tatu, Hiace ya kukodi ilikuwa nje imejaa shangazi, na mtu mwenye kichwa cha namna ile hana haki ya kutoa maoni. Ila kinyozi alisema, kwa dharau kabisa, kwamba takataka kuliko zote ni msimu wa pili, ule wa kukaa shambani sehemu 13 bila kwenda popote, na hapo ndipo heshima yangu ilipovuka mpaka.

Kwa maana msimu wa pili niliutazama. Ndio pekee nilioumaliza, nikiwa nimelazwa na mguu, na ninasema mbele ya yeyote kwamba hakuna jambo la kweli kuliko lile lililowahi kuonyeshwa kwenye kioo. Hershel ni mkulima. Amekaa kwake na binti zake na ng'ombe wake, hana ugomvi na mtu. Mtu wa nyumbani kwake, akiwinda paa, anampiga risasi mtoto wa wapita njia kwa bahati mbaya, basi kwa huruma Hershel anawaruhusu wakae mpaka mtoto apone. Wanapiga mahema. Wanachota maji kisimani. Wanakula. Mtoto anapona, nao bado wapo! Mwenye nyumba anawaambia kwa upole kwamba sasa wajiandae kuondoka, wao wanamjibu kwamba shamba ni zuri na lina usalama. Halafu wanagundua kwamba ndani ya ghala amewafungia maiti, na miongoni mwao mkewe na mtoto wa kambo, kwa kuwa anaamini kwamba ni wagonjwa na siku moja watapona, na hao wageni, ambao hata chumvi hawakuja nayo, wanavunja kufuli lake na kuwaua wote mbele ya macho yake.

"Wageni!" nilipiga kelele, shuka likiwa shingoni. "Ndani ya ghala lake! Mnataka kasi ya nini? Nani kati yenu hajapokea watu wa kukaa siku tatu, wakamaliza mpunga wa Kyela uliowekwa kwa ajili ya Krismasi? Mimi shemeji yangu alikuja kutazama mchezo wa mpira, akakaa mpaka tukavuna mahindi! Mnasema hakuna kilichotokea? Kilichotokea ndicho hicho!"

Sikuwa nimepanga kumtaja shemeji.

Kinyozi aligeuka kunijibu. Aligeuka kwa nguvu za mtu aliyetazama saa 132 na dakika 45, mashine ikiwa ameinua juu kama lile gongo, na waya, ambao ulikuwa umezunguka mguu wa benchi tangu wakati wa ana-ana-anado, ukafika kikomo chake. Mashine ilimtoka mkononi, ikapita juu ya mwanafunzi, ikatua kwenye sakafu ya saruji, meno yakaenda upande huu na kifuniko upande ule. Ya pili ilikuwa kwa fundi tangu Jumatano. Alijitolea kunimalizia kwa wembe, nami nilipoutazama mkono wake jinsi ulivyokuwa ukitetemeka, nilivua shuka, nikamlipa fedha yake kamili, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, nikaazima kofia ya sufu ya mzee wa reli na kupanda Hiace.

Nilipokuwa natoka, kijana wa bodaboda bado alikuwa akinifuata kunieleza kwamba mambo yamezidi kuharibika, kwani Negan alifungwa mwisho wa msimu wa nane, baadaye akaachiwa, na mwaka 2023 wakamtungia tamthilia yake ambamo anasafiri kwenda New York pamoja na Maggie, mjane wa Glenn.

Tukuyu kulikuwa na mvua na ukungu, na kofia ya sufu haikumshangaza mtu mpaka tulipoingia ndani. Baba wa binti alingoja. Wazee wenzake wakangoja. Mbele ya wakwe hakai mtu na kofia, basi nikaivua.

Kimya kilichofuata nilikisikia masikioni. Kisha mzee mkubwa kuliko wote aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunipa pole, kwa kuwa alidhani nimetoka msibani na kwamba, kwa kuheshimu ahadi yangu kwao, nimeondoka kabla hawajamaliza kuninyoa. Ningeweza kumsahihisha. Nilitafuta sentensi ya kumsahihishia na sikuipata.

"Marehemu alikuwa nani?" aliuliza.

"Kijana mmoja tu," nilisema. "Alikuwa akipeleka chakula majumbani."

"Ajali?"

"Alipigwa na gongo."

Wazee waliguna. Mmoja aliuliza kama aliyempiga amekamatwa, nami nikasema kweli tupu, kwamba alifungwa msimu uliofuata, wao wakaelewa msimu wa mahindi. Wakauliza kama bado yumo gerezani. Nikasema aliachiwa, na kwamba hivi sasa anasafiri pamoja na mjane wa marehemu.

Bibi mmoja alitoka nje kabisa.

Habari ya ng'ombe wa mahari haikuguswa, kwa sababu hakuna mtu mwenye utu anayejadili ng'ombe na mfiwa. Tulipangiwa kurudi baada ya wiki tatu, nikapewa mkungu wa ndizi kama rambirambi, nikasema ndaga fijo, yaani asante sana, na kutoka nikiwa nimeukumbatia. Mpwa wangu hakunisemesha kutoka Tukuyu mpaka Uyole. Shangazi zake walinisemesha vya kutosha, nikaona ni heri nishuke pale Uyole na kupanda daladala, ambayo konda wake aliutazama mkungu, akautazama mwili wangu, kisha akasema kwamba mkungu ukikaa kwenye kiti ni abiria na unalipa nauli kama mtu mzima. Nilimwambia kwamba nitaupakata. Akasema kwamba nikiupakata basi ni mzigo, na mzigo una bei yake, kubwa zaidi.