"Mzee, nadhani umeshindwa"

Asubuhi ya Septemba 24, 2019 nilikuwa chumba cha mapumziko kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Leeds. Kwenye televisheni Lady Hale, Rais wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, alikuwa anasoma muhtasari wa hukumu. Majaji 11, kauli moja: ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson kwa Malkia, kwamba Bunge liahirishwe kwa wiki tano, ulikuwa kinyume cha sheria. Alisoma taratibu, kwa maneno mepesi. Hata hajamaliza, dada wa usafi na mpishi wameshaanza kubishana. Huyu anaona majaji wameingilia siasa, yule anasema ndiyo kazi waliyoajiriwa. Hakuna mwanasheria kati yao, lakini kila mmoja alijua anabishania nini.

Nikamkumbuka baba.

Mwaka 2013 alikuwa na kesi ya shamba kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya yetu, Tanzania. Shauri lilisikilizwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, mashahidi na wazee wa baraza wote. Hukumu ikatoka kwa Kiingereza, kwa kuwa sheria ya mabaraza ndivyo ilivyoagiza. Baba akazikunja zile karatasi, akazitia kwenye mfuko wa rambo, akampelekea mwalimu wa sekondari. Mwalimu akaanza na ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akaenda tena mwisho. Kisha akasema, "Mzee, nadhani umeshindwa."

Nadhani! Shamba alilolima zaidi ya miaka thelathini. Sababu za kushindwa alizijua baada ya kumlipa wakili amsomee, huku siku za kukata rufaa zikiyoyoma.

Oktoba hiyohiyo ya 2019, wiki chache baada ya hukumu ya London, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliitupa rufaa ya Serikali katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Ikakubaliana na Mahakama Kuu, iliyoamua mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, vinakiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki. Hukumu hiyo nayo iko kwa Kiingereza, na binti wa darasa la saba anayetolewa mahari hana namna ya kuisoma. Angeweza kuisoma, au shangazi yake, nina hakika kelele zingekuwa kubwa zaidi.

Ndiyo maana nilifurahi sana Februari 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mwanya umebaki: Kiingereza kinaruhusiwa pale maslahi ya haki yanapotaka. Ninaogopa mwanya huo utageuzwa mlango. Wanaosema Kiswahili hakina msamiati wa sheria siwaelewi kabisa. Mrufani, mjibu rufani, hati ya kiapo, zuio la muda: mahakama za mwanzo zinatoa haki kwa Kiswahili kila siku. Ugumu ninaoukubali ni maamuzi ya zamani, yaliyorundikana kwa Kiingereza, ambayo mawakili lazima wayanukuu.

Huku Uingereza nako wakili ni ghali na hukumu nzima inachosha. Ila Mahakama ya Juu huambatanisha kila hukumu na muhtasari mfupi wa kusomwa na yeyote. Hukumu zetu tayari ziko bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Naomba kila moja ipewe ukurasa mmoja wa Kiswahili juu yake, kuanzia na ile ya ndoa.

Mwaka jana binamu yangu alipata hukumu yake kwa Kiswahili. Baba aliomba aletewe, akavaa miwani, akaisoma yote peke yake. Jioni akanipigia simu kunieleza, aya kwa aya, wapi hakimu amekosea.