Nembo ikichorwa na wengi: Wikipedia ilipata nini, ilikosea wapi

Shirika la hisani likitaka kubadili nembo, mvutano huanzia kwenye fedha. Wapo wanaosema wajitoleaji wetu wanaweza kuichora, na wapo wanaotaka atafutwe mbunifu alipwe. Kundi la kwanza hupenda kuitaja Wikipedia, ambayo mmiliki wake, Wikimedia Foundation, ni shirika la hisani la Marekani. Mfano ni mzuri, ila kwa kawaida husimuliwa nusu.

Nusu tamu ni hii. Mwaka 2003 wachangiaji wa Wikipedia waliitisha shindano la nembo, na kura zikamwangukia Paul Stansifer, kijana wa miaka 17 aliyechora tufe la vipande vya kupangwa, kama ile michezo ya watoto ya kuunganisha picha. Mchoro wake ulikuwa na rangi nyingi na maandishi yaliyojazana. Mchangiaji mwingine, David Friedland, akaupunguza: tufe likawa la kijivu, kila kipande kikabeba herufi ya mwandiko wake. Zaidi ya miaka 20 imepita na tufe hilo bado lipo, pamoja na kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Lile pengo la juu, penye vipande visivyokuwepo, linasema kazi haijaisha. Sidhani mbunifu aliyeajiriwa kwa wiki chache angelifikia wazo hilo kirahisi. Lilitoka kwa watu walioijua kazi kwa kuifanya.

Nusu ya pili haisimuliwi sana. Tufe lilikuwa na makosa. Herufi ya Kijapani ilikuwa siyo iliyokusudiwa, na kwenye mwandiko wa Devanagari, unaotumika kuandika Kihindi, alama ya irabu ilikaa upande usio wake. Mwaka 2007 gazeti la New York Times liliandika habari hiyo, na bado makosa yalibaki hadi 2010, mbunifu Philip Metschan alipolijenga tufe upya kwa kompyuta. Hapo pia iliondolewa herufi ya Klingon, lugha ya kubuni ya viumbe wa tamthilia ya televisheni ya Marekani, na mahali pake ikawekwa herufi ya Ge'ez, mwandiko wa Kiamhari na Kitigrinya. Yaani kwa miaka saba viumbe wa sayari ya kubuni walikuwa na nafasi ambayo Ethiopia na Eritrea hazikuipata.

Hilo linaeleza udhaifu wa kura. Kura hupima kinachowapendeza waliopo, na waliopo mwaka 2003 walikuwa zaidi watu wa Ulaya na Marekani. Kosa lilipojulikana, ilikosekana ofisi au mtu ambaye kulirekebisha lilikuwa jukumu lake. Kazi iliyofanywa na wote ikabaki haina mwenyewe.

Je, kulipa ndiyo dawa? Nembo ya Olimpiki ya London 2012 iligharimu pauni 400,000 na ilizomewa tangu siku ilipozinduliwa. Iliyoichora ni kampuni ya Wolff Olins, na kampuni hiyohiyo ndiyo Wikimedia Foundation iliyoipa kazi ya kuipanga upya sura yake, kwa mpango wa kulitumia jina la Wikipedia hata kwa shirika lenyewe. Wajitoleaji wakapinga kwa nguvu, wakaandika barua ya wazi, na mwaka 2020 bodi ikasitisha mpango. Utaalamu ulikuwepo, ridhaa ndiyo iliyokosekana.

Wabunifu nao wana hoja yao, na naiona nzito. Chama cha wabunifu cha Marekani, AIGA, kimepinga kwa miaka mingi mashindano yanayowafanya watu kadhaa wamalize kazi nzima ili mmoja tu apate kitu. Huku kwetu matangazo ya aina hiyo ni ya kawaida, na zawadi mara nyingine ni cheti. Lakini mchangiaji anayelichorea shirika lake kwa mapenzi hafanani na kijana asiye na ajira anayevutwa na tangazo. Wa pili anastahili malipo, na shirika lenye mshahara wa mkurugenzi halikosi fedha kidogo za kumlipa.

Njia ya kati ilijaribiwa mwaka 2016 na Mozilla, shirika linalotengeneza kivinjari cha Firefox. Ilimlipa mbunifu, kampuni ya johnson banks ya London, kisha ikaziweka hadharani rasimu, watu wakazikosoa wapendavyo, lakini uamuzi haukupigiwa kura. Nembo ilitangazwa Januari 2017. Haikupendwa na wote na mwaka 2024 ilibadilishwa, ila hakuna aliyeweza kudai hakuulizwa. Kwangu mimi huo ndio mgawanyo wenye akili: wazo na ukaguzi vitoke kwa wengi, kalamu ishikwe na mmoja anayelipwa na anayejibu kosa likionekana.

Kisha lipo suala la umiliki, ambalo huachwa hadi ugomvi uzuke. Nembo ya jumuiya ya Wikimedia, yaani wachangiaji wa Wikipedia na miradi mingine ya Foundation, ilichorwa na mjitoleaji na kutolewa kwa umma bila masharti. Foundation ilipoisajili kuwa alama yake ya biashara, mwaka 2013 baadhi ya wajitoleaji waliupinga usajili huo rasmi huko Ulaya. Baada ya mashauriano, Foundation ikakubali kuuondoa.