Kati ya kukosea na kujua kwamba umekosea

Kila mwaka wa masomo ukikaribia, simu yangu hujaa ujumbe kutoka nyumbani, kwa wadogo zangu waliochaguliwa kusomea kompyuta: kaka, ninunue laptopu gani? Huwa nawajibu, lakini swali lenyewe limekaa upande. Somo la mwanzo la kuandika programu nimelisoma mara mbili, kwanza chuoni nyumbani, kisha huku ughaibuni, kwa sababu chuo cha huku hakikutaka kutambua alama za kule. Kurudia kulinikera. Ila nimekaa kwenye madawati yote mawili nikisikiliza mambo yale yale, vigeu (majina yanayobeba thamani), masharti, vitanzi (hatua zinazorudiwarudiwa), fanksheni, na nina maoni yangu kuhusu tofauti iko wapi. Haiko kwenye mashine. Haiko kwenye akili za watu. Kiingereza nacho si sababu kubwa kama tunavyodhani, maana huku nilisoma na watu wa kila lugha waliokuwa wakihangaika nacho kama mimi. Tofauti ni muda unaopita kati ya kukosea na kujua kwamba umekosea.

Nitoe mfano. Kule tulianza na lugha ya programu ya C, na zoezi la kawaida kabisa la wiki za mwanzo ni kutafuta wastani wa namba mbili. Mwanafunzi anaandika kwenye karatasi: int a = 5, b = 6; halafu float wastani = (a + b) / 2; Hapo int ni namba kamili, float ni namba yenye desimali. Muulize jibu litakuwa nini, atakwambia 5.5, tena kwa kujiamini. Kompyuta itakwambia 5. Katika C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu ni namba kamili, na desimali inatupwa kabla jibu halijawekwa kwenye kigeu. Kutangaza wastani kuwa float hakuokoi kitu, kwa sababu hasara imeshatokea upande wa kulia wa alama ya usawa. Andika 2.0 badala ya 2, mambo yananyooka.

Sasa huyo ameshakusanya karatasi yake. Msahihishaji ana rundo mbele yake, na anachokamata haraka ni nukta-mkato iliyosahaulika au mabano ambayo hayakufungwa. Hilo la kugawanya linapita. Karatasi inarudi baada ya wiki kadhaa ikiwa na vema nyekundu, au hairudi kabisa, yanabandikwa matokeo tu ukutani. Kijana anaingia kwenye arei (safu za thamani) na pointa (vigeu vinavyobeba anwani za kumbukumbu ya kompyuta) akiwa bado anaamini kwamba 11 / 2 ni 5.5. Mhadhiri anashangaa kwa nini darasa limekuwa zito ghafla. Halijawa zito ghafla. Makosa yamekuwa yakilimbikizana tangu wiki ya pili bila mtu kuyaona, hata mwenye nayo.

Maabara ilikuwepo, nisiseme uongo. Ilikuwa ya zamu, na zamu yetu tulibanana kwenye kompyuta moja, mwenye vidole vyepesi ameshika kibodi, wengine tunamtazama mgongo. Lakini hata hapo nisingelaumu uchache wa mashine peke yake. Watu wanne mbele ya kioo kimoja wanaweza kujifunza vizuri sana, mradi wanabishana. Sisi tulipelekwa maabara kuthibitisha tulichokwisha kuambiwa darasani: unanakili programu iliyo kwenye madesa (nukuu za somo), inakubali, unasaini mahudhurio, unaondoka. Hatukuambiwa tuiharibu makusudi tuone italia vipi.

Na jambo hili wala si geni. Enzi za kadi za kutobolewa, programu ilipoandikwa kwa matundu kwenye kadi, mwanafunzi aliwasilisha kadi zake kwenye chumba cha kompyuta akangoja saa kadhaa, pengine mpaka kesho yake, aje aambiwe amesahau koma. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walitengeneza lugha ya BASIC pamoja na mfumo wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, ili hata mwanafunzi wa fasihi aandike mistari yake, abonyeze, ajibiwe papo hapo. Kompyuta yao ilikuwa dhaifu kuliko simu yoyote janja ya leo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba nyumbani tutafundisha vizuri siku tukipata mashine za kisasa, namuuliza: za kisasa kuliko ya 1964? Walichokuwa nacho wale ni uamuzi kwamba mwanafunzi asingojeshwe.

Huku tulitumia lugha ya Python. Kila zoezi lilikuja na majaribio yake: unapakia faili kwenye mfumo wa chuo, na ndani ya sekunde chache unaambiwa jaribio la kwanza limepita, la pili limepita, la tatu limekwama, lilitarajiwa 11, limepatikana 56. Hiyo 56 inafundisha kuliko mhadhara. Umesoma 5 na 6 kwa input(), na Python inakurudishia kila kilichochapwa kikiwa maandishi, si namba. Alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi mawili, inayaunganisha. Unazungushia int(), inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, unapakia tena, inawaka kijani. Umekasirika dakika tano tu, na kosa lile limekukaa kichwani kwa faida.

Kuna na wasaidizi, wanafunzi wa miaka ya juu wanaolipwa kuzunguka maabara. Ukimwita mmoja hakupi jibu. Anakuuliza, "Ulitegemea itoe nini?" Swali hilo lilikuwa likiniudhi sana. Unataka mtu aguse kibodi akutoe hapo, yeye anataka umweleze mstari kwa mstari unachofikiri kinatokea, na mara nyingi ukifika mstari wa tatu unajisikia mwenyewe ukisema kitu kisichowezekana. Basi anaondoka kwenda kwa mwingine.

Msinielewe vibaya mkadhani nimekuja kuwaimbia sifa za huku. Kijani kina ulevi wake. Nimeona watu wakibadilisha < kuwa <=, kisha i kuwa i + 1, kisha wakirudisha, wakipakia na kupakia kama mtu anayejaribu rundo la funguo kwenye kufuli, mpaka mmoja ukakubali. Muulize kwa nini umekubali, anacheka. Na matokeo ya vyuo vya ughaibuni si ya kuyaonea wivu. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Michael McCracken liliwapima wanafunzi 216 wa vyuo vinne waliokuwa wamepitia masomo ya mwanzo ya programu. Wastani wao haukufika 23 kati ya alama 110. Mwaka 2007 Jens Bennedsen na Michael Caspersen walikusanya taarifa kutoka vyuo vya nchi mbalimbali wakakuta takriban theluthi moja ya wanafunzi hawafaulu somo hili. Kwa hiyo mdogo wangu uliyekamatwa na sapu (mtihani wa marudio), au unayelala ukiota kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), usijiambie kwamba sisi hatuna vichwa vya kompyuta. Hilo la "sisi" nalikataa kabisa. Nimelisikia mpaka kwa wahadhiri, na linaangusha watu wengi kuliko pointa.

Tena kuna kitu cha kule ambacho huku nilikikosa. Mhadhiri wetu wa nyumbani alikuwa akichora jedwali ubaoni, safu moja kwa kila kigeu, mstari mmoja kwa kila hatua. Jumla inaanza na 0, i inakwenda kutoka 1 mpaka 4, kila mara jumla inaongezwa i. Unaandika: i ni 1, jumla 1, i ni 2, jumla 3, i ni 3, jumla 6, i ni 4, jumla 10. Halafu anageuka na swali lake la mtego: kitanzi kikishaisha, i ni ngapi? Darasa zima linajibu 4. Kumbe ikiwa i imetangazwa nje ya kitanzi cha for, C itakupa 5, kwa sababu lazima i ivuke 4 ndipo sharti likatae. Wenzangu wa huku walioanza na Python, ambako ukitumia range(1, 5), yaani 1 mpaka 4, i inabaki 4, hawakuwahi kulazimika kujiuliza. Wengi hawakuwa hata na mazoea ya kufuata programu kwa mkono. Kwa nini ujisumbue wakati mashine itakuambia?

Kumbe ni muhimu kujisumbua. Mwaka 2004 Raymond Lister na wenzake waliwapa wanafunzi wa nchi kadhaa vipande vifupi vya msimbo (maandishi ya programu), si kuandika, kusoma tu na kutabiri matokeo, na wengi waliyumba. Mtu asiyeweza kusoma mistari kumi aliyoandikiwa, ukimwambia aandike yake, atabahatisha.

Na sasa kibao kimegeuka. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, zoezi la somo la mwanzo linaandikwa na mashine kabla hujamaliza kusoma swali, majaribio yote yanapita, na mwenye zoezi hajui kilichopita. Chuo changu cha huku kikarudisha mtihani wa karatasi na kalamu. Mngeona hofu iliyotanda! Watu waliozoea kubonyeza na kusubiri kijani wanaambiwa wachore jedwali la vigeu. Mimi na wengine tuliotoka vyuo vya karatasi ndio tulikuwa tukifuatwa maktaba kuulizwa linachorwaje.

Hapo baadhi ya ndugu zangu watarukia: unaona, basi kule tulikuwa sahihi siku zote! Hapana. Karatasi ya huku inakuja baada ya miezi ya kukosea na kusahihishwa mamia ya mara. Ya kule ilikuja mwanzo, katikati na mwisho, na kati yake hapakuwa na kitu. Jedwali la mkononi lina maana pale unapotabiri jibu, ukaendesha programu muda huo huo, ukaona utabiri wako umeanguka wapi. Ukitabiri leo na kujibiwa mwezi ujao, umesahau hata ulikuwa unafikiri nini.

Kinachoniuma ni kwamba sehemu iliyokosekana ni ya bei ndogo. Python inaendeshwa kwenye simu ya Android. Programu kama Pydroid 3 inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua. Kuandika msimbo mrefu kwenye kioo cha simu ni adhabu, lakini mazoezi ya muhula wa kwanza ni mistari kumi, ishirini. Simu moja inatosha wanafunzi wawili, mmoja anachapa, mwingine anachora jedwali na kutabiri, halafu mnabadilishana. Hilo mnaweza kulianza wenyewe bila kungoja chuo.

Kwa upande wa wahadhiri, najua jibu litakalotolewa: wanafunzi ni mamia, mimi ni mmoja. Nakubali, na ndiyo maana kusahihisha kwa macho hakufai. Zoezi la wastani linaweza kutolewa na majaribio yake hapo hapo chini ya karatasi: ukiingiza 5 na 6 lazima utoke 5.5, ukiingiza -3 na 3 itoke 0, na usipoingiza namba yoyote programu isife, iseme hakuna namba. Hakuna mfumo wa kompyuta unaohitajika kwa hilo. Mwanafunzi anajipima mwenyewe kwenye simu usiku ule ule, anajua amekosea kabla hajakusanya, na msahihishaji anabaki na wale waliokwama kweli. Kuyaandika majaribio hayo ni kazi ya jioni moja, na darasa la mwakani litayatumia hayo hayo.